Nenda kwa mtoto: uzoefu wangu Gangaikonda Cholapuram

Nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeibania kwa sababu nitakazozieleza mbele.

Kwanza kosa langu, ili wewe usilirudie. Gangaikonda Cholapuram ni hekalu la Kihindu kusini mwa India, na hufunga chumba cha ndani saa sita mchana na kukifungua tena saa kumi jioni. Mahekalu mengi ya Watamil, wenyeji wa upande huu, yako hivyo, mchana mungu anaachwa apumzike. Mimi nilishuka kwenye basi saa sita na robo, mwezi wa Mei, na kichupa cha maji kilichobaki nusu. Mlinzi akanionyesha mlango uliofungwa, akaninyooshea vidole vinne. Uani ruhusa, ndani hapana.

Tulikuwa Chennai wiki ya tatu na mama, aliyebadilishiwa goti. Waliowahi kupeleka mgonjwa India wanajua mambo yalivyo: siku chache za pilikapilika, kisha wiki za kukaa nyumba ya wageni mkitazamana. Mdogo wangu alipokuja kunipokea zamu, mama akasema, "Nenda katembee huko, unanichosha kuliangalia goti langu." Nikataka kwenda Thanjavur, kwenye hekalu kubwa ambalo kila mtu analisema. Dada anayetufanyia usafi, mzaliwa wa upande huo, akatikisa kichwa. "Akka," akaniita, yaani dada mkubwa, "Thanjavur ni ya baba. Nenda kwa mtoto."

Baba ni mfalme Rajaraja wa ukoo wa kifalme wa Chola, aliyemaliza hekalu la Thanjavur mwaka 1010. Mtoto ni Rajendra. Huyu alipeleka jeshi kaskazini mpaka mto Ganga, kisha akajijengea mji mkuu mpya na kuuita kwa ushindi wake: Gangaikonda Cholapuram, mji wa Mchola aliyeitwaa Ganga. Maji ya mto huo yalibebwa hadi hapa, yakamiminwa kwenye ziwa alilolichimba, na maandishi ya enzi hizo yanaliita nguzo ya ushindi iliyotengenezwa kwa maji. Mwaka 1025 merikebu zake zilivuka bahari zikaupiga ufalme wa Srivijaya, huko Sumatra. Mji huo ulikuwa makao ya wafalme kwa miaka kama 250. Leo ni kijiji: mbuzi, kibanda cha chai, mashamba, na katikati yake mnara wa mawe wa mita 55 hivi. Ukiutazama kutoka barabarani unajiuliza nani kausahau pale.

Kufika si kazi. Treni ya usiku kutoka Chennai Egmore mpaka Kumbakonam, kisha basi la kwenda Jayankondam, kama kilomita 35. Usiondoke Kumbakonam bila kula pongal. Ni mashendea haya haya ya kwetu, ila yametiwa choroko, samli, pilipili manga na korosho za kukaanga. Korosho hizo huenda ni za Mtwara, maana tunawauzia kwa tani na tani. Nilikosea kupanda bajaji kwa kipande cha kwanza cha safari. Wenyewe wanaiita auto, na nilipomwambia dereva "bajaji" alidhani naulizia kampuni ya Bajaj inayozitengeneza. Tulipoelewana akanitoza karibu mara tatu ya nauli, nami nikalipa kama mgeni anavyolipa. Panda basi.

Haya, uani. Viatu unaviacha nje, na jiwe la saa saba mchana mwezi wa Mei ni kikaango. Niliruka kutoka kivuli hadi kivuli kama mtoto anayecheza kidali po, huku akina mama wa Kitamil wakinipita taratibu, nyayo zao zimeshazoea. Mmoja akacheka, akanionyesha ukingo wa kaskazini wenye kivuli. Beba soksi nzito. Na uvae nguo ya staha. Mimi nilikuwa na mtandio na gauni refu, hakuna aliyeniuliza dini yangu.

Ule mkosi wa mlango ndio ulionipa safari. Ningefika mapema ningeingia ndani, ningetoka, ningepiga picha tatu nikapanda basi. Badala yake nilipewa masaa manne na kuta peke yake. Kesho yake nilipita pia Thanjavur, na siwezi kusema ubaya wake: mnara wa baba unapita mita 60, umenyooka kama amri. Lakini kule unatembea shingo imeelekea juu na umati unakusukuma. Mnara wa mtoto ni mfupi kidogo, na mistari yake imepinda kwa ndani, kama kanzu iliyokatwa na fundi mwenye mkono mwepesi. Sanamu za ukutani unazikuta usawa wako. Unaweza kusimama mbele ya mmoja ukamtazama mpaka uchoke.

Mimi nilisimama kwa mmoja, pembeni mwa ngazi za mlango wa kaskazini. Shiva, mungu wa hekalu hili, ameketi na mkewe Parvati. Chini yake kapiga magoti kijana, mikono imekutanishwa kifuani, kichwa kimeinama, na Shiva anamzungushia shada la maua kichwani kwa mikono miwili. Vidole ndivyo vilivyonishika. Vimeshika shada kwa uangalifu, vile mzazi anavyomfunga mtoto kilemba siku ya Idi. Ni jiwe gumu la miaka karibu elfu moja, na uso wa yule kijana unaonekana anazuia tabasamu.

Mlinzi alipoona sibanduki akaja kunisimulia, nusu Kiingereza nusu mikono. Kijana ni Chandesa, mchunga ng'ombe. Alijenga linga la mchanga, yaani ile nguzo ya mviringo inayomwakilisha Shiva, akawa analiosha kwa maziwa ya ng'ombe wa watu. Baba yake akapata habari, akaja kwa hasira, akayapiga teke maziwa. Kijana akachukua fimbo yake, fimbo ikageuka shoka, akamkata baba miguu. Shiva akatokea, akamfanya mwanawe. Wapo wanaosema kijana huyo ni Rajendra mwenyewe, anavishwa taji na mungu. Niliwaza: mtu ana baba aliyejenga Thanjavur, halafu kwenye ukuta wake anachonga hadithi hii!

Kuna na kisima ambacho unakiingilia kwenye mwili wa simba, kizuri kwa picha. Ukuta wa nje wa hekalu umebaki vipande tu. Miaka ya 1830 Waingereza walikuwa wanajenga bwawa kwenye mto Kollidam, wakayachukua mawe ya hapa. Inaelezwa kwamba wanakijiji waliopinga waliahidiwa ukuta wa matofali badala yake. Mtu wa Kilwa au wa Gede hahitaji kufafanuliwa hilo.

Saa kumi kengele ikalia. Ndani kuna giza na ubaridi, harufu ya mafuta yanayowaka kwenye vitaa vya udongo na ya popo kidogo. Linga lina urefu wa kama mita nne. Kuhani anaonekana mdogo pembeni yake. Kila mwaka, kwenye mwezi mpevu wa kati ya Oktoba na Novemba, wanalifunika kwa wali uliopikwa, magunia kwa magunia, kisha wali unagawiwa watu. Ningeweza kuchagua, ningekuja siku hiyo. Nilisimama nyuma. Kuhani aliponiletea majivu ya kupaka usoni, niliweka mkono kifuani na kuinama. Akaelewa, akapita kwa aliyefuata. Dar nimepita mtaa wa Kisutu miaka yote na mahekalu yake, sijawahi hata kuchungulia mlangoni.

Sasa nyota niliyoibania. Vibao vya maelezo ni vichache, na asiyekutana na mlinzi mkarimu atatoka hajui alichokiona. Choo, bora ujisaidie Kumbakonam. Maji ya kunywa beba mwenyewe. Kiingilio hakuna, na picha za nje unapiga utakavyo, ndani marufuku.

Niliporudi Chennai mama alikuwa amekaa kitandani, mguu juu ya mto, akanidai picha. Alizipitisha haraka mpaka kwa Chandesa, akaikuza kwa vidole.

"Mtoto mzuri huyu. Kafanya nini mpaka anavishwa maua?"

"Kamkata baba yake miguu."

Mama akatazama goti lake, akanitazama mimi, akanirudishia simu.

"Ifute hiyo."