Uzoefu wangu: Kutembea juu ya miamba ya Saanane na Capri Point, Mwanza

Ukienda Saanane, kisiwa kilichomo Ziwa Victoria, kutafuta tembo utarudi umenuna. Hii ndiyo hifadhi ya taifa iliyo ndogo kuliko zote Tanzania, kilomita za mraba 2.18 tu, tena ukijumlisha na maji yanayoizunguka, na sehemu kubwa ya utakachokanyaga ni jiwe. Lakini ukienda kwa ajili ya mawe, pimbi na upepo wa ziwa, sijapata matembezi mazuri zaidi ya haya ndani ya Jiji la Mwanza. Hela yake naitoa bila kinyongo.

Kisiwa kilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964, ya kwanza nchini, kikapandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013. Jina ni la Mzee Saanane Chawandi, aliyekuwa akiishi humo. Ndiyo maana usishangae kukuta swala pala katikati ya maji: hawakuogelea, waliletwa.

Boti zinaondokea Capri Point, rasi ya mjini iliko ofisi ya hifadhi, mahali pa kufika kwa miguu kutoka katikati ya mji. Usitegemee kulipa taslimu. Utapewa kontroli namba, utalipia kwa simu au kadi, kwa hiyo hakikisha salio liko kwenye simu kabla hujafika. Beba kitambulisho cha taifa, kwa sababu kiingilio cha raia na cha mgeni havikaribiani hata kidogo. Uliza pia mapema kama nauli ya boti imo kwenye kiingilio au ni hesabu ya pembeni, na kama inapungua mkiwa kundi. Watu wengi huja na hesabu ya kiingilio peke yake.

Kuvuka ni dakika kumi hivi. Mimi huchagua saa 2 hadi saa 4 asubuhi. Kadiri mchana unavyosogea, nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hewa yake hupanda, na upepo wa ziwani huingia kuchukua nafasi. Hapo ndipo waliokaa mbele ya boti huanza kulowa. Kukiwa na mawingu meusi alfajiri, subiri. Radi za ziwa hili hupenda usiku na mapambazuko. Jaketi la kujiokolea lifunge mikanda yote, kisha mwambie mwenzako alivute juu mabegani. Likipanda hadi masikioni, omba dogo zaidi.

Sasa mawe yenyewe, maana hapa ndipo wageni wanapoumia. Miamba ya Mwanza ni matale (graniti). Ilichongwa ikiwa bado chini ya udongo: maji yalipenya kwenye nyufa, yakala kona, yakaacha mviringo, na udongo ulipokuja kuoshwa na mvua mawe yakabaki yamepandana kama viazi kwenye sinia. Jiwe kavu la aina hii linashika soli kama msasa, unaweza kupanda mteremko unaotisha kwa macho. Likilowa ni habari nyingine. Yale mabaka meusi na ya kijani unayoyaona ni kuvu na mwani, na baada ya mvua hugeuka sabuni. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba, lipe jua muda wa kukausha kwanza.

Hatari ya pili hata wenyeji huisahau. Jua la mchana na baridi ya usiku husaidia kubandua jiwe magamba, mengine mapana kama meza. Gamba linaonekana sehemu ya mwamba, kumbe limeegemea tu. Kabla hujaliwekea uzito, ligonge kwa kisigino. Likilia kama debe tupu, zunguka. Usiingize mkono kwenye ufa usiouona ndani, kwani nyoka na nyuki hupenda kivuli kilekile unachokipenda wewe. Na usipande mahali ambapo hujaona njia ya kushukia. Kushuka, nenda mshazari, magoti yamelegea kidogo, uzito juu ya nyayo. Anayeegemea nyuma kwa woga ndiye anayeteleza.

Raba yenye soli laini inatosha, viatu vizito vya mlimani ni mzigo bure. Ndala na yeboyebo acha nyumbani. Maji lita moja na nusu kwa mtu mzima hayazidi, kwa sababu jiwe hushika joto na kukuunguza kutoka chini wakati jua linakuunguza kutoka juu.

Kwa utulivu utaona mjusi mwenye kichwa na kifua cha waridi na mwili wa buluu. Huyo ni dume, na aina hiyo imepewa jina la Mwanza katika jina lake la kisayansi. Pimbi huota jua asubuhi. Mchana wameshaingia mapangoni, sababu nyingine ya kuwahi. Furukombe utamsikia kabla hujamwona. Kenge na mamba wapo, kwa hiyo ukingo wa maji si pa kukaa ukining'iniza miguu.

Kuna sababu nyingine ya kutotumbukiza miguu, kisiwani na ufukwe wowote wa jiji: kichocho. Konokono wake hukaa kwenye maji yaliyotulia yenye majani, na vimelea hutoka kwa wingi jua linapokuwa kali, vikaingia kwenye ngozi ndani ya dakika chache. Ukilowa, jifute kwa taulo kwa nguvu papo hapo, kisha kapime baada ya wiki kadhaa, kwani ukipima kesho yake hakitaonekana.

Asiye na bajeti ya boti asijisikie mnyonge. Anzia Jiwe la Bismarck, lile lililosimama majini karibu na kivuko cha Kamanga, uzunguke Capri Point kwa barabara. Bila haraka ni kama saa moja na nusu, na hulipi kitu. Kasoro yake ni kwamba barabara ni nyembamba, njia ya waenda kwa miguu hukatika, na sehemu nyingi za kuona ziwa zimezibwa na kuta za nyumba za watu. Ukitaka kupanda mawe yaliyo nyuma ya makazi, omba ruhusa. Salamu za Kisukuma, "mwangaluka" ya asubuhi au "mwadila" ya jioni, hufungua mageti mengi, na kwa mzee shikamoo haijawahi kukosea. Kwa picha, asubuhi jua linamulika Bismarck usoni. Jioni unapata kivuli chake tu mbele ya machweo. Jua huku huzama karibu saa 1 usiku, baadaye kidogo kuliko Dar es Salaam, lakini giza likianza huingia kwa kasi. Uwe umeshuka kwenye mawe nusu saa kabla.

Mtaa wa Bwiru, kwenye mawe ya Jiwe Kuu, pia pazuri, daladala zinafika jirani, ila nenda na mwenyeji mara ya kwanza.

Jioni nyingine utaona kama moshi unainuka juu ya maji. Ni vijidudu vya ziwani, haviumi, lakini upepo ukivileta kwako funga mdomo na ufunike kamera.