Kitufe cha SHIFT LOCK: betri imekufa, gia haitoki P

Habari zenu watazamaji. Nipo Moshi, barabara ya Kibosho, na hii ni Toyota ya auto, betri imekufa kabisa. Angalieni: nakanyaga breki, navuta gia, haisogei kutoka P, yaani paki. Leo sichambui gari zima, nachambua kitufe kilichofichwa chini ya hiki kifuniko kidogo pembeni ya gia. Juzi niliona vijana wanaburuza gari kama hii, matairi ya mbele yamefunga, yanachora lami. Iliniuma, maana kitufe cha kuifungua kilikuwa ndani ya gari.

Kinachofunga ni kitasa chenye sumaku ya umeme. Ukikanyaga breki, umeme unafika na gia inaachiwa. Betri ikifa, hakuna wa kuachia. Ukilazimisha kwa mkono utavunja.

Hapa ni mteremko. Kwa hiyo handibreki juu, na jiwe kwenye tairi upande wa chini. Hili nawaomba msiliruke. Injini ikiwa imezima, breki inakuwa ngumu na usukani mzito, na gari ikiwa nyutro haina cha kuishika.

Funguo naiweka ACC, ile hatua kabla ya ON, usukani usijifunge. Kifuniko nakibandua kwa bisibisi bapa niliyoizungushia kitambaa. Nakanyaga breki, nabonyeza ndani kwa ncha ya bisibisi, navuta gia… mmesikia? Imeingia N, yaani nyutro.

Kwa kazi yenyewe kitufe nakipa alama zote, hakihitaji umeme hata kidogo. Kinachoniudhi ni kufichwa. Gari zetu nyingi zimekuja kutoka Japani zikiwa zimetumika, na kitabu chake, kama kipo, ni cha Kijapani. Mtu anaendesha miaka hajui kama kitufe kipo! Halafu hiki kifuniko kikishakaukia juani, ukikibandua vibaya kinakatika. Kuna gari ambazo kitufe kiko wazi, kimeandikwa SHIFT LOCK. Muundo huo ndio naupenda.

Wenye gia ya kielektroniki, kama Prius, msikitafute. Kwenu lazima ile betri ya volti 12 ibustiwe kwanza.

Na tafadhali, gari ikishaingia nyutro msiivute mpaka Arusha. Pampu ya oili ya giaboksi inazungushwa na injini. Injini imezima, matairi ya mbele yanazungusha gia ambazo hazipati oili. Itoeni barabarani polepole, basi. Safari ikiwa ndefu, gari inayovutwa na matairi ya mbele inyanyuliwe mbele. 4WD, yaani inayovutwa na matairi yote manne, ipakiwe yote juu ya bredauni, hata kama bei inauma, maana giaboksi inauma zaidi.

Leo, betri yako ikiwa bado nzima, kaa kwenye gari ukitafute. Kisha niandikie hapo chini: gari yako ni ipi, na kitufe umekikuta wapi?