Pedali tamu, waya wa ovyo

Nyota moja. Ngoja, labda mbili, lakini nisikilizeni kwanza.

Hii pedali ya gitaa (kifaa cha kukanyaga kinachobadilisha sauti) unaiprogramu kwa kompyuta. Kitaa chake kinawaka, lakini ukiichomeka USB, kompyuta kimya. Nikawaandikia huduma kwa wateja. Jibu: "Ndugu mteja, sakinisha upya draiva." Yaani ile programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na kifaa. Nikasakinisha. Kimya. Nikaeleza tena kwa kirefu, na picha juu. "Ndugu mteja, sakinisha upya draiva." Mara tatu! Hakuna hata mmoja aliyeuliza natumia waya gani.

Waya ni ule uliokuja kwenye boksi lao. Nimeuchana kwa wembe: nyuzi mbili tu, nyekundu na nyeusi. Waya wa USB wa data huwa na nyingine mbili, ya kijani na nyeupe, ndizo zinazobeba mazungumzo. Huu ni wa kuchajia tu, draiva ingefanya nini hapo? Msiuchane wenu, jaribuni na printa inayofanya kazi: kompyuta isipoiona kwa waya huo, lakini ikaiona kwa waya wake, huo waya si wa kazi hii. Nilipoweka waya wa printa yangu ya zamani, ambao kichwa chake ni kile kile cha mraba, pedali ikatambulika papo hapo.

Basi nikadhani yameisha. Nabonyeza rivabu (mwangwi kama wa ukumbini), inazima na kujiwasha upya. Sauti safi isiyo na madoido inapiga vizuri, ukiongeza dilei (sauti inayojirudia) juu ya rivabu inazimika. Hapa kosa nusu ni langu, nusu lao, maana adapta hawaweki. Nilikuwa nimeichomeka kwenye mnyororo mmoja, yaani waya wa umeme wenye ncha nyingi, na pedali nyingine nne, adapta ya miliampia 500. Hii peke yake inataka 300, na prosesa, ubongo wake, ikipewa kazi nzito ndipo inapovuta zaidi. Mita ilinidanganya pia: bila mzigo inasoma volti 9.2, unasema adapta nzima. Pima wakati pedali zinafanya kazi, kwa kutumia ncha moja ya ule mnyororo iliyobaki wazi. Yangu ilishuka hadi 7 na ushee. Nikaipa adapta yake, volti 9, ampia 1, haijazima tena. Ampia zikizidi hakuna shida, inachukua zinazoitosha. Volti ndizo za kuchunga, na ncha ya katikati lazima iwe hasi. Adapta ya ruta msiijaribu hata kwa utani; nyingi ni volti 12 na katikati ni chanya.

Kumbe hata USB haiilishi umeme, ni ya data tu. Kwa hiyo ukitaka kusasisha programu yake ya ndani, 9V iwe imechomekwa, na waya uingie moja kwa moja kwenye kompyuta, usipitie habu, kile kigawa matundu ya USB. Umeme ukikatika katikati, inaweza kubaki imeganda.

Ukisikia mluzi kwenye ampu (kikuza sauti cha gitaa) wakati USB imechomekwa, chomoa chaja ya kompyuta utumie betri. Ukinyamaza, ni kitanzi cha ardhi, yaani umeme unazunguka kupitia nyaya za ardhi za vifaa vilivyounganishwa, pedali haina kosa.

Sauti yake sasa? Tamu kupita kiasi, hiyo rivabu naiacha ivume chumbani hadi majirani wagonge. Nyota nne. Ila nikikumbuka "ndugu mteja", tatu.