Miaka mitatu na Probox ya biriani: habari za ndani ya gari

Mimi ni mpishi wa shughuli, mtaa wa Barani, Malindi. Harusi, akika, hitima, hata kikao cha chama cha akina mama: nikiitwa napika, na chakula nakipeleka mwenyewe. Kwa miaka mitatu masufuria yangu yamesafiri ndani ya Toyota Probox nyeupe, ya umbo lililotoka baada ya mabadiliko makubwa ya 2014. Probox ya kwanza ilitoka 2002, na habari za injini yake, mafuta yake na ugumu wa springi zake utazipata kwa fundi yeyote. Mimi nataka kusema habari za ndani: kibao, vidroo, vishimo vya chupa, viti na buti. Humo ndimo ninamoshinda, na humo ndimo nilimokosea sana mwanzoni.

Ukikaa kiti cha mbele utaona mara moja kwamba aliyelibuni gari hili alikuwa akimfikiria mfanyakazi wa Kijapani ambaye gari ndiyo ofisi yake. Katikati ya dashibodi mna kibao unachokivuta kama mtoto wa meza. Mwenyewe anaegesha, anavuta kibao, anaweka kompyuta au chakula chake cha mchana, akimaliza anakisukuma ndani, anaondoka. Mimi wiki ile ya kwanza nilikipenda hicho kibao kuliko kitu chochote garini, nikakiacha nje siku nzima. Tulikuwa tunakwenda Watamu, dada yangu kakaa pembeni, chupa ya chai ya lita 2 imesimama juu ya kibao. Karibu na Gede mbuzi akakatiza barabara. Nilikanyaga breki, na mwendo wangu haukufika hata 50. Gari lilisimama, chupa haikusimama. Iligonga redio, kifuniko kikafunguka, chai ikammwagikia dada mapajani. Aliuguza paja wiki mbili.

Mwanangu wa kidato cha tatu ndiye aliyenifanyia hesabu usiku ule. Kitu kinachokwenda kilomita 50 kwa saa kina nguvu sawa na kitu hicho hicho kikiwa kimeanguka kutoka urefu wa mita 10 hivi. Kwenye 80, urefu ni kama mita 25. Nyuma ya nyumba yetu mna mnazi wa hizo mita 10, na hakuna anayetandika mkeka chini yake. Tangu siku ile nikiangalia kitu kilichoachwa wazi ndani ya gari najiuliza: ningekubali kiniangukie kutoka juu ya mnazi ule? Tishu, sawa. Chupa ya chai, kisu cha kukatia nyama, mchi wa kinu, hapana.

Basi kibao ni kizuri, nakisifu kwa moyo wote, lakini ni cha gari lililosimama. Nikifika kwenye shughuli naegesha, nakivuta, naandikia risiti, nahesabia pesa. Nikiwasha injini, kinarudi ndani.

Juu ya dashibodi upande wa abiria nako nilikuwa nimepapamba. Nilitandika kitambaa cha mahameli, nikaweka sanduku la tishu, kichupa cha manukato na kijisinia cha kutilia asumini. Fundi aliyekuja kuangalia feni ndiye aliyeniambia, "Mama, hebu soma hapa," akanionyesha herufi tatu zilizochapwa kwenye plastiki: SRS. Hapo chini mna mfuko wa hewa. Ajali ikitokea unapasua hapo hapo na kujaa kabla mtu hajapepesa jicho, na chochote kilicholala juu yake kinarushwa usoni mwa abiria. Niliviondoa vyote siku hiyo hiyo. Kwa sababu hiyo hiyo simruhusu mtu kuegesha miguu juu ya dashibodi, hata kama ni mgeni na safari ni ya mbali. Na mtoto mchanga, kile kiti chake kinachotazama nyuma, hakikai mbele ya mfuko wa hewa kabisa. Mahali pake ni kiti cha nyuma.

Vidroo vya mbele ni vingi na vinatosha. Kile kikubwa mbele ya abiria kina mfuniko, humo natia karatasi za gari, tochi, glavu na plasta za majeraha, nakifunga mpaka kilie. Pembeni mna kishimo kipana cha chupa, kipana kiasi cha kuingiza hata paketi ya maziwa ya lita 1, jambo ambalo sijaliona katika magari mengi ya bei hii. Nakisifia kwa sababu kinakomesha tabia ya kuweka chupa sakafuni. Chupa ya maji yangu iliwahi kubingirika ikaingia nyuma ya kanyagio la breki nikiwa nateremka kuelekea daraja la Sabaki. Nilikanyaga, kanyagio likagoma katikati. Niliichomoa kwa kisigino, na kwa rehema ya Mungu mbele hapakuwa na gari. Leo upande wa dereva sakafuni hamna kitu ila mati moja, na mati yenyewe imeshikwa kwa kulabu zake isiteleze mbele. Wanaotandika mati mpya ya mpira juu ya ile ya zamani wajaribu kanyagio zote kabla hawajatoka uani. Chini ya viti pia siweki kitu. Viatu vya kubadili, ndala na mwavuli viko kwenye kikapu nyuma ya kiti cha abiria, na kikapu kimefungwa.

Kiti cha nyuma ndicho udhaifu mkubwa wa gari hili na sitauficha. Ni chembamba, egemeo limesimama wima, na mama yangu mzazi mwenye maumivu ya kiuno akifika Kilifi tu anaomba tupumzike. Mto wa kiunoni unasaidia kidogo. Alitaka kukaa mbele na kulaza kiti mpaka nyuma apate usingizi, nikamkatalia kwa adabu. Ukilala namna ile, mkanda hauushiki mwili tena, na gari likisimama ghafla mtu anapenya chini yake. Sasa tunakilaza kidogo tu, mkanda umekaa begani na nyongani, tunasimama mara mbili njiani. Kutoka hapa hadi Mombasa ni kilomita 120 tu, hakuna cha kukimbilia.

Watoto wanakaa huko nyuma, kila mmoja na mkanda wake. Mlango wa nyuma una kiloki kidogo cha watoto, unakiona mlango ukiwa wazi, na ukikishusha mtoto hawezi kufungua kwa ndani. Kwangu kimeshushwa daima. Lakini kuna jambo linaloniuma, nalo ni watu kupandishwa kwenye buti. Tunaliona kila siku: viti vimejaa, halafu watoto wanne wamejikunja nyuma, wanapunga mikono kiooni. Buti ya Probox ni kubwa, ni kweli, lakini huko hamna mkanda, hamna kiti, na kilichopo kati yao na bampa ya lori ni bati la mlango tu. Wapishi wenzangu wananiomba niwabebee wasaidizi huko. Nimekataa mara nyingi, nimeudhi watu, na nitaendelea kukataa.

Sasa buti yenyewe, maana kwa ajili yake ndiyo nilinunua gari. Ukilaza kiti cha nyuma unapata sakafu tambarare. Nilipima kwa futikamba, urefu ni karibu mita 1.8. Ukingo wake uko chini, sufuria hulinyanyui sana, na mgongo wangu unashukuru. Nyuma ya gari mna kibandiko cha Kijapani. Maneno yake siyajui, namba nazijua: 400, na kwenye mabano 250. Maana yake kilo 400 za mzigo mkiwa wawili, kilo 250 mkiwa watano. Sufuria langu la kilo 10 za mchele, likiiva na maji yake, wanaume wawili wanalibeba kwa kusaidiana. Mtungi wa gesi wa kilo 13, chuma chake nacho kina uzito karibu wa gesi yenyewe. Jumlisha na masala, madumu ya sharubati ya ukwaju na sahani, utaona kwamba kilo 250 zinafika haraka kuliko macho yanavyokwambia.

Mwanzo nilikuwa napanga kwa kufuata nani atateremsha nini, masufuria mazito mlangoni kabisa. Gari likainuka pua, usukani ukawa mwepesi mikononi, na kila tuta lilinitia hofu. Siku hizi kizito kinakaa chini na mbele, kimegusana na egemeo la kiti cha nyuma, na egemeo naliacha limesimama kama ukuta. Nikililaza, kati ya sufuria la moto na mgongo wangu hapabaki kitu. Kwa hiyo kulaza ni kwa meza na viti vya plastiki, tena vikiwa vimefungwa, na si kwa chakula cha moto. Hakuna kinachopanda juu ya egemeo, kwanza kisituruke, pili nione nyuma kupitia kioo.

Gari langu halikuwa na mahali pa kutosha pa kufungia. Fundi wa chuma alinitilia pete nne za boliti kwenye sakafu, na chini ya kila boliti akaweka kibati kipana ili isichomoke. Kabla hajatoboa alilala chini ya gari kwanza, akahakikisha hagusi tangi wala bomba la breki. Hapo napitisha mikanda ile ya madereva wa lori yenye chuma cha kukazia. Kamba ya katani niliiacha, inalegea ikipata mvuke. Mfuniko wa sufuria naufunga kwa leso, fundo juu, halafu sufuria linakaa ndani ya kata kubwa niliyoisuka kwa magunia, haliendi kushoto wala kulia. Tangu nianze hivyo sijamwaga hata kijiko cha masala, na njia ya Marafa mnaijua ilivyo.

Mtungi wa gesi unasafiri umesimama, umefungwa peke yake, koki imekazwa, kifuniko chake kimewekwa, vioo viwili vimeshushwa. Ukifika ndio kitu cha kwanza kushuka. Haulali garini.

Na joto. Tulikwenda Lamu kwenye maulidi, na kwa vile magari hayavuki, tuliliacha Mokowe juani kutwa nzima, sisi tukapanda boti. Nilikuwa nimesahau juu ya dashibodi kiberiti cha gesi na mkebe wa dawa ya mbu. Kurudi, kiberiti kimepasuka, vipande viko mpaka kiti cha nyuma. Mkebe ulisalimika, na nilipousoma nikakuta umeandikwa usipate joto la kuzidi nyuzi 50. Ndani ya gari lililofungwa kwenye jua letu la kaskazi, nyuzi 50 ni jambo la kawaida, na dashibodi inapita hapo. Betri za kuchajia simu, manukato ya kupuliza na viberiti sasa nateremka navyo. Mtoto hatujamwacha garini na hatutamwacha, hata kwa kuingia dukani kununua ndimu: dakika 10 zinaweza kupandisha joto la ndani kwa nyuzi 10 hivi, na mwili wa mtoto unapata joto upesi kuliko wa mtu mzima.

Mengine ni madogo. Kitabu cha maelezo kimekuja kwa Kijapani, nikatafsiriwa kurasa za viti na mifuko ya hewa kwa simu ya mwanangu. Plastiki za milango zinakwaruzika haraka. Tundu la umeme karibu na redio linachaji simu vizuri, na kishikio cha simu kiko chini ya macho kidogo, kwa hiyo ramani naipanga kabla ya kuondoka na nikiwa mwendoni nasikiliza sauti.

Ningelinunua tena? Ndiyo, lilelile, kwa kazi ya kubeba. Kwa familia yenye mzee wa kiuno ningetafuta lenye kiti cha nyuma kinene zaidi. Jumamosi nina harusi Mambrui, masufuria matano na wasaidizi watatu. Mwenye shughuli ameuliza kama yote yataingia kwa mara moja, nimemwambia nitakwenda safari mbili, na ya kwanza nitaondoka saa tatu asubuhi.