TAHADHARI: "Dawa ya kutu" ya dumu jeupe wanayouziwa wenye magari ya zamani

Wakuu wenye Volkswagen kobe, Peugeot 504, Datsun na Land Rover za zamani, hasa mlioko Dar, Bagamoyo, Tanga na Unguja: kuna jamaa anauza mtandaoni "dawa ya kutu" ya lita moja, kwenye dumu jeupe lisilo na lebo. Msinunue. Na kama dumu tayari liko nyumbani, litoeni kwenye stoo yenye vifaa leo hii. Sababu iko chini.

Jina lake siliweki. Akaunti anabadilisha kila mara, picha aliyoweka si yake, na laini za kupokelea pesa zimesajiliwa kwa majina tofauti tofauti. Nikiwapa jina moja, kesho mtamwamini mwenye jina jingine. Bora mumjue kwa mwendo wake.

Anaanza na video. Kipande cha bati kilicholiwa na kutu kinamwagiwa kimiminika, povu linatoka, kitambaa kinapita, chuma kinang'aa. Sekunde chache tu. Chini ameandika kwamba dawa imetokana na magome ya mikoko kwa utaalamu wa Kijerumani, na kwamba inarudisha kutu kuwa chuma. Dumu moja shilingi 45,000, ukichukua matatu unapunguziwa.

Hapo kwenye mikoko ndipo anapowanasa hata watu makini, maana ndani yake mna ukweli. Magome ya mkoko na mkandaa yana tanini, ile inayotumika kutengenezea ngozi, na ndiyo maana zamani magome ya delta ya Rufiji yalipakiwa melini kwenda Ulaya. Miwati ya Njombe nayo hutoa tanini kiwandani. Na tanini kweli inafanya kazi kwenye kutu: zikikutana hutokea utando mweusi wenye samawati kidogo, unaoshika kwenye chuma na kupunguza kasi ya kuliwa kwake. Dawa za kweli za kugeuza kutu huwa na tanini, au asidi ya fosfori, au vyote viwili. Asiyeamini achukue msumari wenye kutu autumbukize kwenye chai ya rangi iliyokolea mpaka kesho. Utatoka mweusi.

Sasa rudi kwenye video. Dawa ya tanini haiing'arishi kutu, inaigeuza kuwa nyeusi. Haichemki povu. Na haimalizi kazi kwa sekunde, kwa kawaida huachwa ikauke kwa saa kadhaa, mara nyingi siku nzima, ndipo rangi ipite juu. Kinachotoa povu na kuacha chuma cheupe papo hapo ni asidi kali, na asidi kali ya bei rahisi iliyo karibu na kila mtu ni haidrokloriki, hiyo wanayotumia mafundi kuondoa saruji iliyogandia kwenye vigae.

Dumu lake nimelishika mwenyewe. Mzee jirani yangu ana kobe ya mwaka 1969 anayoipenda kuliko nyumba, na alinunua madumu mawili. Ukifungua kifuniko, mvuke unakukaba koo. Lilipolala kwenye rafu ya stoo yangu kifuniko hakijabana vizuri, asubuhi spana zilizokuwa jirani yake zilikuwa na vumbi la kutu rangi ya chungwa. Maji hayakudondoka humo, na hakuna aliyezigusa. Asidi ya fosfori haitoi mvuke wa namna hiyo, na tanini ndiyo kabisa. Haidrokloriki ndiyo tabia yake. Kwangu huo ni ushahidi wa kutosha, ingawa mwenye nafasi ya kulifikisha kwa Mkemia Mkuu wa Serikali atatusaidia wote.

Mtu atauliza: si inaondoa kutu lakini? Inaondoa, tena haraka. Tatizo ni inachokiacha nyuma. Asidi hiyo huacha kloridi, jamii ile ile ya chumvi inayoletwa na upepo wa bahari, na kloridi hujificha kwenye vishimo vidogo vya chuma na katikati ya maungio pale bati mbili zilipolaliana. Huko huvuta unyevu, na Dar unyevu hatununui. Chuma kilichong'aa asubuhi, jioni kina rangi ya chungwa. Ukiwahi kupaka rangi juu yake, kutu inaendelea na safari yake chini kwa chini mpaka rangi itutumke kama ngozi iliyoungua na maji ya moto. Bampa na vikombe vya magurudumu vya kromu ndiyo usiseme, asidi hii inakula kromu yenyewe.

Kwenye kobe pa kuogopa zaidi ni vizingiti vya chini ya milango. Wengi hudhani ni bati la urembo. Mle ndimo hewa ya moto inamopita kutoka kwenye injini ya nyuma kuja mbele, na hapo hapo ndipo bodi inapopata nguvu na kukalia sakafu. Vikioza, milango inaanza kulegea na kukataa kufunga. Jamaa anawaambia watu wamimine dawa mle ndani "iende yenyewe". Asidi ikishaingia mle huisuuzi hata ukiweka bomba la zimamoto.

Tapeli wa kawaida akishapokea pesa anazima simu. Huyu anapokea. "Shikamoo mzee wangu, pole sana, bila shaka hukupaka kiimarishaji." Kiimarishaji ni dumu la pili, shilingi 60,000. Ndani mna rangi nyeusi iliyozimuliwa kwa thina, harufu yake haifichiki. Namna ya kumkamata ni rahisi: paka tone kwenye kipande cha kioo na tone jingine kwenye bati lenye kutu. Dawa ya kweli kwenye chupa huwa nyeupe kama maziwa, au ya kahawia, au angavu, na weusi hutokea ikigusana na kutu. Yake ni nyeusi tangu dumuni, na kwenye kioo ni nyeusi vile vile.

Kutu ikirudi tena, na lazima irudi, ndipo anatoa mpango wenyewe: "mafundi wangu watakuja nyumbani kwako." Shilingi 380,000, nusu kabla. Mimi naona hapa ndipo alipokuwa anaelekea tangu mwanzo. Dumu la kwanza linaharibu gari kiasi cha kuhitaji dumu la pili, la pili linaficha uharibifu mpaka uhitaji mafundi. Labda namkosea na ni ujinga tu. Lakini mtu anayebandua lebo kwenye madumu anajua alichonacho.

Kwa mzee walikuja vijana wawili na mfuko mmoja. Walimaliza kabla ya alasiri, gari likapendeza. Kisha mzee akapata pancha njiani. Akaweka jeki pale pale inapowekwa siku zote, chini ya kizingiti, akaanza kupampu. Gari halikunyanyuka, jeki ndiyo iliyopanda, ikazama ndani ya bodi. Namshukuru Mungu hakuwa amelala chini yake.

Tulipokwangua tulikuta hivi. Juu rangi, chini yake bodi fila nene kama kidole gumba, chini ya fila magazeti yaliyosokotwa kujaza shimo. Upande mmoja walijitahidi zaidi: bati la kuezekea geji 30, limebanwa kwa ripiti nne. Geji 30 ni kama milimita 0.3. Bati la kuzibia bodi ya gari linatakiwa geji 20, karibu milimita 0.9, tena lichomelewe. Chini kote walipaka lami nyeusi, hata mahali ambapo sakafu haikuwepo tena. Lami ilikuwa ndiyo sakafu.

Bodi fila si adui. Kazi yake ni kusawazisha mabonde madogo ya milimita mbili tatu juu ya chuma kizima. Lakini imetengenezwa kwa unga wa talki na inanyonya maji. Ukiziba nayo shimo, maji yanaifuata kwa nyuma yakirushwa na tairi, wewe kwa mbele unaona rangi safi.

Jambo lililonitia hasira kuliko hela ni usalama. Tangi la petroli la kobe liko mbele, chini ya boneti. Vijana wale waliwasha grinda karibu na hapo, cheche zinaruka, hawajatoa tangi, hawajafungua hata waya wa betri. Betri yenyewe iko chini ya kiti cha nyuma, na sakafu ya pale huliwa na maji ya betri, kwa hiyo lazima kwanza paoshwe kwa maji ya magadi, pasuuzwe, pakauke. Wao walimwagia lami juu ya asidi.

Mzee alipompigia muuzaji, simu haikupatikana. Alipopiga laini nyingine, sauti ile ile yenye adabu ikamwambia sasa zimeingia bati mpya za sakafu, halisi, "moja kwa moja kutoka kiwandani Ujerumani". Ujerumani iliacha kutengeneza kobe ya kawaida, yenye paa la bati, mwaka 1978, na ya mwisho kabisa duniani ilitoka Mexico mwaka 2003. Bati mpya zinapatikana bado, zinatengenezwa na viwanda vingine na nyingi ni nzuri tu. Lakini kiwanda anachokitaja yeye hakitengenezi gari hilo.

Fundi yeyote akisema amemaliza, iwe wa huyu jamaa au wa jirani yako, usimlipe nusu iliyobaki mpaka ufanye haya. Chukua sumaku ndogo, ifunge na kitambaa laini isikwaruze rangi, ipitishe taratibu. Kwenye bati inavuta, kwenye fila nene inadondoka. Gonga kwa kidole: bati hulia, fila hujibu kwa sauti mfu. Ingia chini na tochi, kandamiza kwa ncha ya bisibisi penye vizingiti, kona za sakafu na ndani ya madigadi. Ikizama, hujatengenezewa gari. Na lami mbichi kabla ya wewe kuona kazi iliyo chini yake, kataa. Fundi wa kazi nzuri anakuita uone bati likiwa uchi, anajivunia.

Kwa anayetaka kufanya mwenyewe nyumbani, gharama si kubwa kama watu wanavyotishwa. Toa zulia na viti, fungua betri, ukifanya kazi mbele toa tangi. Kwangua kwa brashi ya waya na jiwe la msasa la grinda mpaka ukute chuma cheupe pande zote, miwani na kinyago usoni. Ambapo kutu ni ya juu juu, msasa na dawa ya kweli vinatosha. Ambapo bati limetoboka hakuna dawa, narudia, hakuna: kata mpaka chuma kizima, pima kiraka, mlete mchomeleaji aweke nukta nukta zilizoachana, akihama hama ili bati lisijikunje kwa joto. Kisha praima ya epoksi, gundi ya kuziba maungio, rangi, na ndani ya vizingiti nta ya kuzuia kutu. Wazee wengi hupulizia oili chafu. Inasaidia kwa muda, ila inaozesha mipira.

Waliokwisha kumwaga dumu lake kwenye gari: vaa glavu, suuza kwa maji mengi, pitisha maji ya magadi mpaka povu liishe, suuza tena, kausha juani au kwa hewa ya moto, piga msasa na upake praima siku hiyo hiyo. Na tafadhali, asije mtu akasafisha mabaki kwa jiki. Asidi hiyo na jiki hutoa gesi ya klorini, inaua. Dumu liwe nje, mbali na watoto, lisimwagwe sinki wala mtaroni.

Kuhusu kulalamika: ujumbe na namba zake tuma kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, ni bure kujaribu. Ukiwa na muamala wa simu uliochapishwa nenda polisi, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo. Kemikali bila lebo nayo inamhusu Mkemia Mkuu, kwa sheria ya kemikali za viwandani na majumbani ya 2003. Mwombe pia risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, kabla ya kulipa, uone atakavyobadilisha mada.

Wiki hii amehamia kwa wenye Land Rover za zamani. Tangazo ni lile lile, video ile ile, ila sasa ni "dawa maalumu ya kutu ya bodi ya Land Rover". Bodi ya Land Rover hizo sehemu kubwa ni alumini, kutu nyekundu haiijui. Kinachooza ni chesisi, ukuta wa mbele wa chuma, na pale alumini inapogusana na chuma. Asidi ile ikimwagwa kwenye alumini inachemka, inatoa gesi ya haidrojeni inayowaka moto, na bati linatoboka huku unaliangalia. Mwenye Land Rover 109 aliyekwisha agiza, dumu likifika usilifungue.