Risasi za shaba za Barnes .308: bei iko juu lakini kwenye ledi sirudi

Wadau wa kuwinda mliopo huku Marekani, kila msimu wa kulungu ukikaribia mabishano ya kukataza risasi za ledi (yale madini mazito yenye sumu) yanaanza upya, basi ngoja niwape habari za hizi ninazotumia mimi, Barnes VOR-TX za bunduki ya saizi ya .308, uzito greni 150 (greni ndo kipimo cha uzito wa risasi), zile zenye ncha ya plastiki ya bluu. Mwili wake ni shaba, ledi hamna hata chembe. Huku California ndo sheria, ilisainiwa 2013 na tangu tarehe 1 Julai 2019 ukiwinda mnyama yeyote kwa bunduki, popote jimboni, ledi hairuhusiwi. Bei tuseme ukweli inauma, boksi la risasi 20 pale ninaponunua linakaribia mara mbili ya zile za kawaida.

Ila kazi inafanya. Shaba ni nyepesi kuliko ledi kwahiyo kwa uzito uleule risasi inakuwa ndefu zaidi, ukihama kutoka ledi safisha mtutu vizuri alafu nenda renji, uwanja wa kulenga shabaha, ukaset skopu (darubini ya bunduki) upya, usiingie porini na boksi jipya ukidhani itapiga palepale. Ya kwangu ikishakaa sawa, mita mia matundu yanagusana. Dume wa msimu uliopita alijikongoja hatua chache tu akalala, wakati wa kuchuna nikaikuta risasi imenasa chini ya ngozi upande wa pili, imechanua vipande vinne, vyote vimeshikilia shina, hakuna kilichokatika, na nyama iliyoharibika begani haizidi kiganja.

Hapo ndo penyewe sasa. Ledi ni laini, ikigonga mfupa kwa spidi ile inapukutika chembe ambazo jicho halizioni na zinatawanyika mbali na tundu. Mwaka 2008 kule North Dakota daktari mmoja alipitisha paketi za nyama ya kulungu ya kusaga kwenye mashine ya CT, ile ya hospitali inayopiga picha za ndani, akakuta chembe za chuma, mpaka idara ya afya ikawaambia wanaogawa chakula cha msaada waitupe nyama ya kusaga waliyopewa na wawindaji. Mimi nyama hii naisaga wanangu wanakula sambusa! Ledi inaharibu ubongo wa mtoto na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa ni salama, sasa nibane hela kwenye risasi ili iweje?

Na kuna kondori wa California, yule ndege mkubwa mla mizoga, anakula matumbo tunayoyaacha porini. Mwaka 1982 walibaki 22 tu, 1987 wa mwisho porini akakamatwa ili wazalishwe kwenye zuu, leo wamepita 500 ukijumlisha na walio vizimbani, lakini kinachoongoza kuwaua porini bado ni sumu ya ledi. Inaniuma sana kwasababu hii sumu inatoka kwetu na dawa yake iko dukani.

Wanaopinga ledi kukatazwa wanasema ni njama ya kuua uwindaji. Januari 2017, siku moja kabla Obama hajaondoka, likatoka agizo la kuondoa ledi kwenye hifadhi za wanyamapori za shirikisho, Machi Zinke, waziri wa Trump anayesimamia hifadhi hizo, akalifuta siku yake ya kwanza kazini. Lakini wawinda bata wamekatazwa marisau ya ledi nchi nzima tangu 1991 na hadi leo wanawinda bata wao. Denmark nako risasi za bunduki za ledi zimepigwa marufuku tangu 2024.

Kasoro ipo, ukipiga mbali sana spidi inakuwa imeshuka na shaba haifunguki vizuri, kwahiyo msogelee mnyama. Na kwa wawinda sungura wenye bunduki ndogo za .22 nakubali kilio chao, zisizo na ledi ni za kutafuta kwa tochi na bei yake ndo usiseme, serikali ingewasaidia hapo kama Arizona wanavyowagawia bure risasi zisizo na ledi wawindaji wa kulungu kule Kaibab.

Nyota nne. Mwenye .308 aanze na greni 150, anunue maboksi mapema kabla ya msimu maana Agosti rafu zinakuwa tupu.