Miezi Minane na Gari Jipya la Umeme: Kero Ndogo za Kila Siku

Gari langu la kwanza la umeme limefikisha miezi minane na kilomita 11,000 mikononi mwangu, na katika muda wote huo halijaniacha njiani hata mara moja. Naanza na jambo hilo kwa sababu mengi yatakayofuata ni malalamiko, na sipendi msomaji adhani kwamba najutia kulinunua. Mota yake huitika papo hapo ninapokanyaga, ndani kuna utulivu ambao sikuwahi kuupata katika gari la petroli, na sina tena oili ya kubadilisha wala plagi za kusafisha. Kero ninazozieleza ni ndogo, lakini hujirudia kila siku, na kadiri ninavyozitazama ndivyo ninavyoona kwamba nyingi hazitokani na umeme wenyewe, bali zinatokana na kompyuta na programu ambazo waundaji wameizungushia mota ile nzuri.

Iliyonipata mapema zaidi ni namba ya kilomita zilizobaki. Asubuhi moja skrini ilionyesha kwamba nimebakiza kilomita 340. Nilipomaliza safari ya kilomita 60 kwa barabara kuu, ilionyesha 245. Gari halikuwa na hitilafu. Lilikuwa limekadiria kwa kufuata mizunguko yangu ya polepole ya wiki nzima, ambako kila nilipoachia kanyagio mota iligeuka jenereta na kurudisha sehemu ya umeme kwenye betri, kisha mimi nikaliingiza katika mwendo wa kilomita 120 kwa saa bila kulionya. Ukinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa mwendokasi, kwa hiyo anayetoka kilomita 90 kwa saa kwenda 120 anasukumana na hewa inayomzuia kwa nguvu iliyoongezeka kwa zaidi ya robo tatu. Tangu siku hiyo nimeiagiza skrini ionyeshe asilimia badala ya kilomita, nami hujifanyia hesabu mwenyewe: betri ina kilowati-saa 60, gari hutumia kama 16 kwa kila kilomita 100 za mjini na kama 21 kwenye barabara kuu. Hesabu hiyo haijanidanganya bado. Kinachonisikitisha ni kwamba namba iliyoandikwa kwa herufi kubwa kuliko zote mbele ya dereva ndiyo ya kuaminika kidogo kuliko zote.

Kuchaji nyumbani ni raha, mradi mtu awe na chaja ya ukutani. Mwezi wa kwanza nilitumia soketi ya kawaida, ambayo kwa ampea 10 na volti 230 hutoa kilowati 2.3 tu, na gari likihitaji kutoka asilimia 10 hadi 80 lilikesha likichajiwa na kuendelea hadi jioni iliyofuata. Chaja ya ukutani ya kilowati 7.4 hufanya kazi hiyo kwa takriban saa sita. Jambo ambalo muuzaji hakulitaja ni kwamba umeme unaohesabiwa na mita si wote unaoingia kwenye betri: sehemu hupotea kwa joto wakati mkondo geu unaotoka ukutani unapobadilishwa kuwa mkondo mnyoofu unaohitajiwa na betri, na sehemu nyingine huliwa na kompyuta na pampu za kupoza ambazo hubaki macho muda wote wa kuchaji. Ndiyo sababu kuchaji polepole mno hupoteza umeme zaidi, kwa kuwa vifaa hivyo hukaa macho saa nyingi zaidi.

Kuna pia suala la asilimia 80, ambalo limenifanya nibishane na rafiki yangu kwa wiki mbili nzima kabla hatujagundua kwamba sote wawili tulikuwa sahihi. Kitabu cha gari langu, lenye betri ya lithiamu yenye nikeli, kinashauri nisivuke asilimia 80 kwa matumizi ya kila siku na nijaze hadi 100 pale tu ninapokwenda safari ndefu. Kitabu chake yeye, mwenye betri ya lithiamu, chuma na fosfati, kinamtaka ajaze hadi 100 walau mara moja kwa wiki, kwa sababu volti ya betri za aina hiyo hubadilika kidogo sana katikati, na kompyuta hushindwa kujua kilichomo ndani isipofika kileleni mara kwa mara. Muuzaji alipaswa kutueleza hayo kwa dakika mbili siku ya kukabidhiana funguo.

Kwenye vituo vya barabarani ndiko uvumilivu wangu hupungua. Simu yangu ina programu tano za kampuni tofauti za kuchaji, kila moja ikiwa na nywila yake na akiba yake ya fedha, na pochi ina kadi mbili zaidi. Nimewahi kusimama katika maegesho ya chini ya ardhi nikiwa na gari zima, chaja nzima na fedha za kulipia, nikashindwa kuchaji kwa sababu simu haikupata intaneti. Upo utaratibu wa kimataifa, ISO 15118, unaoliwezesha gari kujitambulisha lenyewe kwa chaja mara tu waya unapochomekwa, na gari langu linao. Lakini kwenye vituo ninavyovitumia nimekutana nao mara moja tu, na mara hiyo moja ilinionyesha jinsi jambo hili lingeweza kuwa jepesi. Nyaya zenyewe ni nzito, hulala chini kwenye matope, na hazifiki upande wangu wa gari isipokuwa niingie kinyumenyume. Mara mbili plagi imekataa kutoka baada ya kumaliza kuchaji, na nikasimama kwenye mvua nikifunga na kufungua milango kwa rimoti mpaka komeo la plagi lilipokubali kuachia.

Usiku ambao kwa kweli nilikasirika ni ule niliorudi kutoka safari ya wiki tatu na kukuta gari halifunguki. Nilikuwa nimeliacha na asilimia 64, na sikufikiria kabisa kwamba linaweza kuishiwa. Betri kubwa haikuwa imeishiwa. Iliyokufa ni betri ndogo ya volti 12, ile ile ya magari ya zamani, ambayo katika gari la umeme huendesha kompyuta, taa na makomeo ya milango, na pia hufunga swichi kubwa zinazoiunganisha betri kuu na gari. Ikifa hiyo ndogo, kilowati-saa zote za ile kubwa hazina njia ya kutoka. Nilitoa ufunguo wa chuma uliofichwa ndani ya rimoti, nikafungua mlango kwa mkono, nikafungua boneti, na jirani akanisaidia kuiamsha kwa kifaa chake cha kubustia betri. Fundi alinieleza baadaye kwamba kila nilipofungua programu kwenye simu kutazama gari langu, nami nilikuwa nikilitazama kila jioni kwa mapenzi ya kitu kipya, niliziamsha kompyuta zake, na kamera ya ulinzi niliyoiacha ikiwa imewashwa haikuziruhusu kulala. Gari lilipaswa kuijaza ile ndogo kutoka kwenye kubwa kila inapopungua. Programu ya toleo lile haikufanya hivyo ipasavyo, na toleo jipya limerekebisha. Sasa huzima kamera ninaposafiri, na nimejizuia kulichungulia.

Kuhusu skrini, msimamo wangu ni thabiti: mkono wa dereva haupaswi kutafuta waipa ndani ya menyu. Katika gari hili, kasi ya waipa, mwelekeo wa upepo wa kiyoyozi na hata kisanduku cha mbele ya abiria vyote hudhibitiwa kwa kugusa kioo cha skrini, na kioo hakina mahali ambapo kidole kinaweza kupahisi bila macho kuondoka barabarani. Baya zaidi, sasisho lililoingia usiku lilihamisha alama ya kuondoa ukungu wa kioo cha mbele kutoka pembeni hadi ndani ya ukurasa mwingine, nami nikagundua hilo asubuhi ya baridi nikiwa tayari kwenye foleni. Nimefurahi kwamba Euro NCAP, taasisi inayopima usalama wa magari Ulaya, kuanzia 2026 inataka honi, waipa, viashiria vya kukata kona, taa za dharura na kitufe cha kuita msaada viwe na vidhibiti vya kushikika ili gari lipate nyota zote tano. Kwa gari langu hatua hiyo imechelewa.

Sauti ninayoiunga mkono kabisa ni ile inayotolewa nje wakati wa mwendo mdogo, kwa sababu mtu asiyeona anahitaji kusikia kwamba kuna gari linamkaribia. Ninayoilalamikia ni milio ya ndani: mlio wa kuvuka kikomo cha mwendo, ambao husoma vibao vya barabara ya pembeni na kunionya juu ya barabara nisiyopita, na ambao nikiuzima leo kesho hurudi. Huuzima kila ninapowasha gari, kwa kugusa skrini mara nne.

Mengine ni ya kupita. Hakuna tairi la akiba, ila chupa ya gundi na pampu ndogo. Matairi ya mbele yamelika haraka kuliko nilivyozoea, jambo linaloeleweka kwa uzito wa betri na nguvu ya mota inayokuja yote kwa mara moja. Diski za breki huota kutu kwa kuwa mota ndiyo hufanya kazi kubwa ya kupunguza mwendo, kwa hiyo mara moja kwa wiki, barabara ikiwa tupu, mimi hukanyaga breki kwa nguvu ili zijisugue.

Mwezi ujao gari linakwenda kwa ukaguzi wake wa kwanza. Kwenye karatasi ya fundi nimeandika mambo matatu: apime betri ya volti 12, alainishe komeo la plagi ya kuchajia, na aniambie kama alama ya kuondoa ukungu inaweza kurudishwa pale ilipokuwa.